Kodi Iliyoandikwa kwa Ajili ya Jirani

Iko nchi moja inaitwa Uvumba. Msihangaike kuitafuta kwenye ramani, maana Idara ya Ramani ya huko ilifutwa mwaka ule Serikali ilipogundua kwamba kila mwananchi tayari anajua anakokaa. Mimi nimeishi Uvumba maisha yangu yote na sijawahi kuona jambo baya likifanywa kwa makusudi. Nilikuwa mpiga chapa wa Serikali kwa miaka kumi na tisa, na haya ninayowasimulia yalipita kwenye vidole vyangu mwenyewe.

Uvumba ina Wizara ya Mapato na Afya. Zamani zilikuwa wizara mbili, na kila mwaka ziligombana juu ya sigara. Ya Afya iliwataka watu waache kuvuta, ya Mapato iliwasihi wasithubutu kuacha. Ikatumika busara, zikaunganishwa chini ya Waziri mmoja, ambaye asubuhi alitaka watu waache na baada ya chakula cha mchana alitaka waendelee. Ugomvi ukaisha. Hospitali zetu zote zilijengwa kwa kodi ya sigara, na wodi kubwa kuliko zote ni ya kifua.

Ghorofa ya tatu ya wizara hiyo ilikuwa Idara ya Vitu Visivyofaa. Chumba cha nje nilikaa mimi, Semeni, na mashine yangu. Chumba cha ndani walikaa Bwana Mlanzi, mkuu wa idara, na Bwana Kisandu, msaidizi wake, meza zao zikitazamana. Waliajiriwa siku moja. Nyumba zao za serikali zilitenganishwa na ua wa michongoma tu. Bwana Kisandu ndiye aliyemsimamia mwenzake siku ya harusi, na mchana walikula kutoka bakuli moja. Ukimkuta mmoja peke yake ulimwuliza, "Vipi, mwenzako mgonjwa?"

Kilichowaharibia ni ukarimu wa Serikali.

Mwaka mmoja fedha za likizo zilikosekana, hakuna aliyejua zimeelekea wapi, na Serikali haikutaka kumdhania mtu vibaya. Badala yake kila mfanyakazi aliambiwa achague blanketi moja la sufu au hisa mia tano za Shirika la Sigara la Taifa, lile linalotengeneza sigara za Faraja. Foleni ya mablanketi ilizunguka jengo mara mbili. Ya hisa haikuwapo. Bwana Mlanzi aliwahi mapema akapata blanketi la bluu. Bwana Kisandu alikuwa anaumwa jino, akafika mablanketi yamekwisha, akakabidhiwa bahasha yenye karatasi. Alisononeka mpaka machozi yakamlenga.

"Usihuzunike, ndugu yangu," Bwana Mlanzi alimbembeleza. "Baridi ikija, wewe njoo kwangu nitakufunika."

Mimi pia nilipata blanketi. Sina kinyongo. Ninalitumia mpaka leo, ukiacha yale matundu.

Kwa miaka minne karatasi za Bwana Kisandu zililala chini ya godoro. Mwaka wa tano Shirika la Sigara likatangaza gawio la faida kwa wenye hisa, na wiki mbili baadaye mafundi wakapanda juu ya nyumba yake.

Mke wa Bwana Mlanzi, ambaye sote tulimwita Mama Shani, ndiye aliyenisimulia walivyozungumza asubuhi ile.

"Baba Shani, umeona?" alimwambia mumewe akimmiminia chai. "Kisandu anaezeka vigae."

"Vigae gani?"

"Vyekundu. Vya kung'aa."

Bwana Mlanzi alitoka na kikombe mkononi, akasimama uani, akatazama juu ya michongoma mpaka chai ikapoa. Mvua ilipoanza kunyesha mwezi uliofuata, yeye alikuwa akisikiliza mabati yake yanavyopiga kelele huku ng'ambo kukiwa kimya. Alimwambia mkewe kwamba ule ukimya ulikuwa unamnyima usingizi.

Kazini alimwuliza mwenzake kwa upole kama kuna mtu amefariki akamwachia urithi.

"Urithi wapi, bwana!" Bwana Kisandu alicheka. Alikuwa mtu mwema, asiyejua kuficha furaha. "Ni zile karatasi. Kumbe zinazaa! Na wewe umo, ndugu yangu. Kila ukiwasha sigara moja, mimi huku napata kidogo. Hivi vigae vya upande wa kwako ni vyako kabisa, mimi nahesabu hivyo."

Ieleweke kwamba Bwana Kisandu hakuwahi kuvuta sigara, hata mtu akiwasha kiberiti alikohoa. Mvutaji alikuwa Bwana Mlanzi, pakiti moja ya Faraja kila siku tangu ujanani. Wakati ule alikuwa nayo moja kati ya vidole. Aliitazama, akaizima kwenye kisahani, na hakuvuta tena maisha yake yote. Madaktari wanne walikuwa wameshindwa kumwachisha. Vigae vilifanya kazi hiyo kwa dakika moja.

Siku hiyohiyo aliniita. "Bi Semeni, weka karatasi. Andika: Pendekezo la kulinda afya ya wananchi. Kodi ya sigara iongezwe kwa asilimia tano."

Sijawahi kuona mtu akiwajali wananchi ghafla namna ile.

Waziri alilipenda pendekezo, maana lililetwa asubuhi. Alilisoma mbele ya Baraza Kuu kwa sauti iliyotetemeka. "Waheshimiwa," alisema, "mapafu ya mwananchi ni mali ya Taifa, yeye ameazimwa tu. Hatuwezi kukaa kimya akiichafua mali ya umma. Kwa hiyo atakayeendelea kuichafua, ailipie!" Walipiga makofi, wakatoka nje kupumzika, na wengi wao wakawasha.

Shirika la Sigara lililia magazetini. Likasema kodi hiyo ni msiba, kwamba halina la kufanya ila kupandisha bei. Likapandisha bei kwa asilimia kumi na tano. Mwenye swali aliambiwa aiulize Serikali, kwa kuwa mambo ya kodi ni ya Serikali. Watu walinung'unika, wakanunua. Ile tano ikaenda hazina, ile kumi ikabaki kwa shirika, na hisa zikapanda kama maji ya mafuriko.

Bwana Kisandu alinunua gari. Halikuwa jipya, lakini lilikuwa na rangi ya maziwa na viti vya kitambaa laini. Kwa kuwa hakuwa mchoyo, asubuhi ya kwanza alipiga honi mbele ya nyumba ya Bwana Mlanzi.

"Ndugu yangu, panda! Utatembeaje kwa miguu na mimi nipo?"

Angekataaje? Ilibidi apande. Akafungwa mkanda, akafunguliwa dirisha, akaulizwa kama upepo unamtosha. Watu wa mtaani waliwapungia mkono, na wote walimpungia Bwana Kisandu. Ilikuwa safari ya robo saa. Kila siku Bwana Mlanzi alishuka pale wizarani uso umemvimba, akapanda ngazi bila kumsalimu mtu, na kabla hajavua koti alikuwa ananiambia niweke karatasi.

Safari ya kwanza nilipiga chapa asilimia kumi. Mwisho wa wiki, baada ya gari kufungwa redio, ilikuwa arobaini.

"Arobaini si nyingi, bwana mkubwa?" niliuliza, kwa sababu sina elimu ya uchumi.

"Bi Semeni," alisema akitazama dirishani, chini kule gari lilipoegeshwa, "wewe hujui mateso ya watu wenye kifua."

Arobaini ikapita. Kina mama wa sokoni waliokuwa wakisokota sigara zao za bei nafuu majumbani walitakiwa kulipa sawa na kiwanda. Walijaribu mwezi mmoja, wakaacha, wakaanza kuuza vitunguu. Shirika la Sigara likabaki peke yake nchini, likalia tena magazetini, likapandisha bei, na hisa zikawa maradufu.

Safari hii Bwana Kisandu alikuja na jogoo mwekundu amemkumbatia kifuani. "Nimekuletea wewe na shemeji," alisema pale ofisini, jogoo akipiga kelele juu ya mafaili. "Nani angejua? Unaandika kodi ili uwasaidie wagonjwa, na mimi nanufaika bila kufanya lolote. Mungu akulipe."

Bwana Mlanzi alipokea jogoo kwa mikono miwili, kama heshima inavyotaka. Jioni ile Mama Shani naye alirudi kutoka nyumba ya pili akiwa amenyong'onyea.

"Wana friji lenye milango miwili," alimwambia mumewe. "Unaweka bilauri hapa mbele, linatoa barafu lenyewe. Wala hulifungui."

"Lenyewe?"

"Lenyewe, Baba Shani. Linasema *kwaru*, barafu hiyo."

Asubuhi yake nilipiga chapa asilimia mia tatu.

Hapo mambo yakabadilika. Mia tatu ilikuwa namba ambayo hata Shirika la Sigara halikujua namna ya kuililia. Safari hii halikulia kabisa, na ukimya wake uliwatia watu hofu. Bei ya hisa ikaanza kuporomoka kabla hata muswada haujafika Baraza Kuu. Bwana Kisandu akasahau kupiga honi, akawa anaendesha polepole kama mtu aliyebeba mayai. Shingo yake ikaanza kucheza ndani ya kola.

Bwana Mlanzi, kwa upande wake, alinenepa. Alipiga mluzi kwenye ngazi. Wakati wa chakula alimchagulia mwenzake mnofu mzuri, akausukuma upande wake wa bakuli, akasema, "Kula, ndugu yangu, umekonda." Macho yake yalikuwa na huruma ambayo sikuwahi kuiona tangu siku ya mablanketi.

"Niambie ukweli," Bwana Kisandu alimwomba siku moja, kijiko hakimwingii mdomoni. "Itapita?"

"Hiyo ni siri ya Serikali."

"Basi nitaziuza. Hata kwa bei ya karanga nitaziuza. Sina roho ya kuzitazama zikifa."

Bwana Mlanzi aliacha kutafuna. Nilimwona kupitia mlangoni. Ilikuwa kana kwamba mtu amemnong'oneza jambo sikioni.

Mama Shani alikuwa na kiwanja alichoachiwa na baba yake, karibu na mto, na alikuwa amepanda migomba na kukusanya mawe ya msingi. Nyumba za serikali hurudishwa mtu akistaafu, na yeye na mumewe walijua kwamba baada ya miaka mitatu pale ndipo watakapohamia. Mumewe alimwomba hati ya kiwanja hicho akiwa amepiga goti, kitu ambacho hakukifanya hata siku ya posa.

"Sikiliza, Mama Shani. Hisa ziko chini kwa sababu ya muswada. Muswada nimeuandika mimi. Nikishazinunua, kesho yake nauondoa, hisa zinaruka. Tunakirudisha kiwanja, na kingine cha pembeni tunanunua."

"Na kama hautaondoka?"

"Kalamu ni yangu!"

Mama Shani alifikiri. "Na Kisandu je? Huyo si ndugu yako? Zikipanda yeye atakuwa katika hali gani?"

"Atakuwa anatazama," alisema Bwana Mlanzi, na mkewe aliniambia kwamba alilitamka neno hilo kama mtu anayeonja asali.

Alimpa hati. Dalali wa mjini alikinunua kiwanja siku ya pili, na siku ya tatu mauziano ya hisa yalifanyika juu ya meza yangu, mimi nikiwa shahidi. Bwana Kisandu alitia sahihi, akapokea fedha. Kisha alimkumbatia mwenzake, akalia begani kwake waziwazi.

"Unajua kabisa zitakuwa takataka," alisema. "Wewe ndiye unayejua kuliko watu wote. Na bado umezichukua ili nisipate hasara. Sijawahi kuona rafiki wa namna hii."

Bwana Mlanzi alimpigapiga mgongoni, akitazama ukutani.

Aliingia kwa Waziri asubuhi iliyofuata, nami nikiwa nyuma yake na daftari la kuandikia yatakayosemwa. Alieleza kwamba idara imetafakari upya na inaomba kuuondoa muswada wa mia tatu.

"Kuuondoa?" Waziri alinyanyuka. "Mlanzi, unajua nchi jirani wana kodi ya asilimia ngapi? Mia mbili! Wana daraja refu kuliko letu. Wana timu inayofunga mabao. Rais wao akisafiri anapigiwa mizinga ishirini na moja, wetu alipigiwa kumi na tisa, wakasema baruti imelowa. Kila nikienda mikutanoni wananiuliza, 'Na ninyi huko Uvumba mna nini?' Leo nimepata kitu cha kuwazidi, wewe unataka kuniondolea?"

"Mheshimiwa, kiwanda kitafungwa. Watu watakosa kazi. Hospitali zitakosa dawa." Sauti ya Bwana Mlanzi ilikatika. "Na wavutaji, Mheshimiwa! Wavutaji ni binadamu. Mtu maskini hana starehe nyingine, ana kasigara kake kamoja tu..." Akashindwa kuendelea, akafunika uso kwa mikono.

Waziri alimtazama, macho yakamlowa. "Huu ndio uzalendo," alisema. "Umewaandikia kodi kwa ajili ya afya zao, na bado unawalilia. Bi Semeni, andika. Kodi iwe mia tatu na kumi, wasije wakatufikia. Na huyu bwana apewe Nishani ya Mapafu, daraja la kwanza."

Niliandika. Ndiyo kazi niliyoajiriwa.

Muswada ulipita Jumatatu bila hata mtu mmoja kupinga. Kabla ya mwisho wa mwezi Shirika la Sigara lilifunga kiwanda, likahamia nchi jirani, na Faraja zikaanza kuingia Uvumba ndani ya magunia ya mchele kwa nusu ya bei ya zamani. Wananchi walivuta kuliko wakati wowote katika historia yetu, na hazina haikupata senti. Zile hisa mia tano hazikuweza kununua hata njiti za kuwashia. Bwana Kisandu, na fedha zake za hisa mfukoni, alimfuata yule dalali wa mjini kumwulizia kiwanja, akauziwa kimoja kizuri, karibu na mto, chenye migomba iliyokwisha kushika na mawe ya msingi tayari. Hakujua kilikuwa cha nani. Alikuja kutusimulia kwa furaha, akamwomba Bwana Mlanzi aende naye Jumamosi wakapime chumba cha wageni. Bwana Mlanzi alienda. Alishika kamba upande mmoja.

Nishani ilitolewa kwenye Uwanja wa Shukrani mbele ya watu elfu nane. Katikati yalirundikwa makatoni ya mwisho ya Faraja yaliyobaki kiwandani, ili yateketezwe kama ishara ya ushindi wa Taifa dhidi ya moshi. Bwana Mlanzi ndiye aliyepewa heshima ya kuwasha. Alisimama na kiberiti, nami niliyekuwa karibu naye niliona midomo yake inahesabu makatoni, kwa kuwa kwa kiasi fulani yalikuwa yake. Moto uliposhika, umati ulihama wote ukaenda upande ulikoelekea upepo, ukavuta pumzi ndefu. Polisi waliurudisha mara tatu, mara ya nne nao wakabaki hukohuko.

Waziri alishika kipaza sauti. "Miaka mingi ijayo," alisema, "watoto wetu watauliza, ni nani aliyewazidi majirani? Tutawajibu: ni Mlanzi! Mtu asiyejali mali. Mtu aliyeumia ili wengine wapumue!" Bendi ikapiga. Rais mwenyewe akasimama, akamvalisha nishani kifuani, akamshika mkono na kuutikisa, akaendelea kuutikisa mpaka wapiga picha wote wakaridhika. Uwanja mzima ulisimama na kupiga makofi.

Bwana Mlanzi alikuwa na uso wa mtu anayezikwa. Halafu macho yake yakashuka kwenye safu ya pili, pale walipoketi wafanyakazi wa wizara, na nikaona damu inarudi mashavuni mwake. Alijinyoosha. Akatoa kifua mbele. Akatabasamu kwa meno yote, tabasamu la mtoto aliyepewa nguo ya sikukuu.

Baada ya sherehe tulirudi kwa basi la wizara, mimi, yeye na Mama Shani. Gari la rangi ya maziwa lilitupita barabarani, likatutimulia vumbi. Halikupiga honi wala kusimama. Mama Shani alikuwa amekaa dirishani, mkoba wake mapajani, akilia bila sauti. Mumewe alikuwa akiisugua nishani kwa ncha ya tai.

"Baba Shani," alisema mwishowe, "umebakiza miaka mitatu. Tutakaa wapi?"

"Ulimwona?" aliuliza Bwana Mlanzi.

"Kiwanja cha baba yangu kiko kwa Kisandu. Migomba yangu ataila yeye. Nakuuliza, tutakaa wapi?"

"Mama Shani, nakuuliza ulimwona, pale safu ya pili?" Alimshika mkewe mkono, macho yanang'aa. "Watu wote walisimama. Rais alisimama. Yeye alikaa, mikono juu ya magoti, kauma mdomo namna hii. Hakupiga makofi, mke wangu. Uwanja mzima, yeye peke yake, hakupiga!"